Kuchunguza Jino la Utotoni kwa Picha za 3D: Mwongozo kwa Anayeanza Mwanza

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana mno. CT ya hospitali, yaani mashine ya eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, inatosha? Meno nayapata wapi? Programu ipi haina malipo? Mbona mifereji ya mizizi haionekani? Wanaouliza ni wanafunzi wa afya ya kinywa na meno hapa Mwanza, matabibu wa meno walioko Sengerema, Ukerewe na Magu, na mara nyingine walimu wa baiolojia wa sekondari. Nimewaandikia ninyi. Ukifuata hatua hizi utatoka na jino moja lililopigwa picha vizuri, tabaka zake zikiwa zimetenganishwa kwenye kompyuta, na vipimo unavyoweza kuvitetea mbele ya msimamizi wako.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Jino la utotoni si jino la mtu mzima lililopunguzwa ukubwa. Enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, ni nyembamba, karibu nusu ya ile ya jino la ukubwani, na mara nyingi unene wake ni milimita 1 au pungufu. Kiini chake, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, ni kikubwa ukilinganisha na taji, na pembe za kiini hupanda karibu sana na uso wa jino, hasa ile ya upande wa mbele wa gego. Mizizi ya magego ni myembamba na imetanuka kwa nje kama miguu ya kigoda, ili jino la ukubwani linalokua chini yake lipate nafasi. Halafu mizizi hiyohiyo huanza kuyeyuka si muda mrefu baada ya kukamilika. Eksirei ya kawaida hulaza haya yote kwenye bapa moja: mfereji ulio nyuma ya mwingine hauonekani, na mzizi uliopinda kuelekea kwako unaonekana mfupi. Ndiyo maana tunataka picha za 3D.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Nchini mwetu bado kuna watoto wachanga wanaochimbwa fizi kwa madai ya "meno ya plastiki", au "nailoni" kama wengine wanavyoyaita. Mtoto ana homa au anaharisha, fizi ya mahali pa chonge inaonekana imetuna na kuwa nyeupe, basi anaitwa mtu wa kuja kuchimba kwa kifaa kisicho safi. Anachokitoa ni chonge ya utotoni ambayo bado inajengwa, na ni laini kwa sababu haijakomaa. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata maambukizi, na hata chonge yake ya ukubwani ikatoka na kasoro au isitoke kabisa. Mhudumu wa kliniki akiwa na modeli ya jino iliyokuzwa mara kumi, akampa mama aishike na kuigeuza, anakuwa na kitu cha kuonyesha badala ya kukataza kwa maneno matupu. Kazi ya picha za 3D inaweza kufika hadi hapo, na mimi ningependa ifike.

KANUNI KABLA YA YOTE

Usimpige mtoto aliye hai mionzi kwa ajili ya kujifunza au kufanya utafiti wa umbo la jino. Mwili wa mtoto unaathirika na mionzi kuliko wa mtu mzima, na ana miaka mingi mbele ambayo athari hiyo inaweza kujitokeza. Mwongozo huu unahusu meno yaliyokwisha kutoka kinywani. Picha za watoto zilizopigwa zamani kwa sababu ya matibabu unaweza kuzitumia, lakini kwa kibali cha kamati ya maadili na baada ya kuondoa kila kinachomtambulisha mtoto.

UNACHOHITAJI

- Kibali cha maadili na fomu za idhini kwa Kiswahili.
- Meno yenyewe. Kwa kuanzia, magego mawili matatu yanatosha.
- Glavu, barakoa na vichupa vya plastiki vyenye kifuniko, vile vya kuchukulia sampuli maabara.
- Maji yaliyotoneshwa, kloramini-T ya asilimia 0.5 au thaimoli ya asilimia 0.1.
- Nta ya meno, sponji, na vipande vya gatapacha (ile ya kujazia mifereji ya mizizi).
- Kalipa inayosoma hadi milimita 0.01 au 0.02.
- Ruhusa ya kutumia skana (nitaieleza kwenye hatua ya 5).
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 angalau, GB 16 ikiwezekana, na diski ya nje.
- UPS. Umeme ukikatika katikati ya kutenganisha tabaka, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda.
- Daftari la karatasi. Usilidharau.

HATUA

1. Pata kibali kwanza, meno baadaye.

Kama uko chini ya CUHAS (chuo kikuu cha afya) au hospitali ya Bugando, anza na kamati yao ya pamoja ya maadili ya utafiti. Kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo ina kituo hapa Mwanza. Wengi hukusanya meno kwanza wakidhani ni taka tu za kliniki, kisha kamati inawauliza idhini ziko wapi. Idhini ya mzazi haipatikani kwa kurudi nyuma.

Mzazi asaini, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe pia. Watoto wengi huku kwetu hutupa jino juu ya bati ili waote jipya. Kama mtoto analitaka jino lake, mpe. Usimrubuni kwa pipi. Unazungumza naye habari za meno.

Ukihitaji kupeleka meno kwenye maabara nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa na kuidhinishwa kabla hujayafunga kwenye boksi.

2. Chagua jino linalojibu swali lako.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika mapema. Jino lililodondoka lenyewe halina mzizi, au limebaki na kipande tu, kwa sababu mzizi umeyeyuka kumpisha mrithi wake. Linakufaa sana kama unachunguza enameli, umbo la taji au chumba cha kiini. Halikufai hata kidogo kwa mifereji ya mizizi.

Ukitaka mizizi, unahitaji jino lililong'olewa kwa sababu ya kitabibu kabla ya wakati wake wa kudondoka. Lakini meno hayo mengi yameng'olewa kwa sababu yameoza, kwa hiyo taji limeliwa, na jipu huenda limeyeyusha mzizi kwa namna isiyo ya kawaida. Huwezi kukwepa tatizo hili. Unachoweza ni kuliandika. Kwa kila jino andika umri wa mtoto, sababu ya kung'olewa, na hali ya mzizi: mzima, umeyeyuka chini ya theluthi moja, au zaidi. Ukichanganya makundi haya kwenye jedwali moja, wastani wako wa urefu wa mzizi hautakuwa na maana yoyote.

Jino lenye kujazwa amalgamu (mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine) au lililovishwa taji la chuma liache. Chuma hutawanya michirizi kwenye picha nzima.

3. Safisha na uhifadhi bila kuliumiza.

Suuza damu kwa maji yanayotiririka ukiwa umevaa glavu. Ondoa nyama laini taratibu kwa kifaa butu. Usikwangue mzizi, kwani ncha ya mzizi wa jino la utotoni ni nyembamba na huvunjika bila sauti. Weka jino kwenye kloramini-T kwa muda usiozidi wiki moja, kisha lihamishie kwenye maji yaliyotoneshwa ndani ya friji, nyuzijoto 4 hivi, na uyabadilishe mara kwa mara. Thaimoli nayo inafaa kwa kuhifadhi.

Angalia haya kwa makini:

Maji ya betri ya gereji usiyatumie. Chupa nyingine huwa na asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino. Nunua maji yaliyotoneshwa kwenye duka la vifaa vya maabara au omba maabara ya hospitali.

Usiloweke jino kwenye JIK usiku kucha. Inaua vijidudu, ndiyo, lakini pia inakula sehemu ya nyama ya jino, yaani kiini na protini za dentini, tabaka lililo kati ya enameli na kiini.

Usiliache likauke. Dentini ikikauka hupasuka, na mpasuko huo kwenye picha unafanana na mfereji wa pembeni. Nimeona wanafunzi wakishangilia mifereji ambayo ilikuwa nyufa. Kama meno yanatoka Ukerewe kwa meli au Geita kwa basi, yasafiri ndani ya kichupa chenye maji, kwenye kikasha cha baridi, wala si kwenye karatasi mfukoni.

Na kama kuna jino lenye amalgamu limeingia kwenye mkusanyiko wako, usilipitishe kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke. Joto hutoa mvuke wa zebaki.

4. Lipe jino namba.

Tumia mfumo wa FDI, shirikisho la meno duniani: 51 hadi 55 ni juu kulia kwa mtoto, 61 hadi 65 juu kushoto, 71 hadi 75 chini kushoto, 81 hadi 85 chini kulia. Hivyo 85 ni gego la pili la chini kulia. Ongeza namba ya utafiti, mfano 85-012, na usiandike jina la mtoto popote kwenye kichupa. Orodha inayounganisha namba na jina ikae mahali pengine chini ya kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Kabla ya skani, piga picha za simu za pande zote na upime kwa kalipa upana wa taji na urefu wote wa jino. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokuambia baadaye kama picha ya kompyuta inasema kweli.

5. Chagua mashine kwa kuangalia vokseli.

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, kwa hiyo nitalitulia. Picha ya 3D imejengwa kwa vijichemraba vidogo viitwavyo vokseli. Kitu kilicho chembamba kuliko vokseli chache hakionekani, au kinaonekana kwa umbo la uongo.

CT ya hospitali. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT mwaka 1971 huko London, na kilichotafutwa kilikuwa uvimbe wa ubongo. Mashine za siku hizi ni bora mno, lakini bado zimetengenezwa kwa ajili ya viungo vikubwa, na unene wa kipande kimoja cha picha kwa kawaida ni kama milimita 0.5 na zaidi. Enameli ya milimita 1 itapata vokseli mbili. Mfereji wa milimita 0.3 utapotea kabisa. Jibu ni hapana, haitoshi kwa jino la utotoni.

CBCT, yaani CT ya mwale wa koni. Hii ndiyo ya kliniki za meno, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990. Vokseli zake huanzia milimita 0.075 hadi 0.4. Ukiiweka kwenye vokseli ndogo kabisa na eneo dogo la picha, utahesabu mizizi, utaona mifereji mikuu na kupima pembe ya kutanuka kwa mizizi. Unene wa enameli utaupata kwa kukadiria tu, na mifereji midogo ya pembeni usiitafute.

Maikro-CT. Ni mashine ya maabara ya utafiti. Haipigi mtu, hupiga vitu vidogo tu. Vokseli ya milimita 0.02 ni ya kawaida kwake. Hapa ndipo unapoona kiini chote, mifereji inayoungana na kuachana, na matundu madogo pale mizizi inapogawanyika. Ushauri wangu: maikro-CT kwa enameli na mifereji, CBCT kwa umbo la mizizi na kwa kujifunzia. Mwenye CBCT peke yake anaweza kufanya utafiti mzuri kabisa, mradi asiulize swali ambalo vokseli yake haiwezi kulijibu.

Mashine yoyote ya eksirei utakayoitumia iwe imesajiliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na mtaalamu wake awepo. Jino halidhuriki kwa mionzi, wewe unadhurika. Toka chumbani.

6. Panga jino ndani ya mashine.

Kwa CBCT, jino likipigwa likiwa hewani, tofauti kati ya hewa na jino ni kubwa kuliko ile mashine iliyotarajia kwenye kinywa, na kingo huungua kwa weupe. Lishike kwa nta ndani ya kichupa cha plastiki, ujaze maji, uondoe mapovu. Unaweza kupanga meno kadhaa kwa mkupuo mmoja, lakini chora ramani kwenye daftari na uweke kipande cha gatapacha karibu na jino la kwanza ili ujue pande baadaye. Gatapacha inaonekana vizuri kwenye picha bila kuleta michirizi mikali ya chuma. Pini na sindano weka mbali.

Kwa maikro-CT, funga jino kwa chachi yenye unyevu kidogo ndani ya tyubu ya plastiki, likibanwa na sponji. Libanwe kwelikweli. Skani inaweza kuchukua kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, na jino likisogea kidogo tu kazi yote inarudiwa.

7. Piga picha.

CBCT: eneo dogo kabisa la picha, vokseli ndogo kabisa, mizunguko mingi kadiri mashine inavyoruhusu. Hakuna mgonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana ubora. Maikro-CT: anza na kV 70 hadi 100 na kichujio cha alumini cha milimita 0.5 hadi 1, kisha msikilize fundi wa mashine hiyo, yeye ndiye anayeijua. Andika kila thamani kwenye daftari. Meno yote ya utafiti mmoja yapigwe kwa mpangilio uleule.

8. Hamisha data na uikague papo hapo.

Hesabu ukubwa mapema. Kisanduku cha milimita 10 kwa 10 kwa 16 kinachozunguka gego, kwa vokseli ya 0.02, kina vokseli milioni 200, sawa na MB 400 hivi. Ukishusha vokseli hadi 0.01 unafika GB 3.2, kwa sababu kila upande umeongezeka mara mbili. Programu ya kutenganisha tabaka inapenda RAM mara kumi ya data unayofungua, kwa hiyo jino la GB 3.2 litaigandisha kompyuta ya mwanafunzi. Kwa kuanzia baki kwenye 0.02. Beba diski yako; kupakua faili hizi kwa bando la simu ni kupoteza fedha.

Faili za CBCT ni za aina ya DICOM, muundo wa faili za picha za kitabibu. Kumbuka kwamba jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali hukaa ndani ya faili. Kubadilisha jina la faili hakuyaondoi. Kwa skani za jino lililong'olewa, mwambie fundi aandike namba yako ya utafiti tangu mwanzo. Kwa skani za zamani za watoto, ondoa taarifa hizo kwa programu maalumu, na ukate picha ibaki taya tu, maana sura ya mtoto inaweza kujengwa upya kutokana na data ya 3D.

Fungua picha ukiwa bado palepale kwenye mashine. Ukiona kingo mbilimbili, jino lilisogea. Rudia kabla hujaondoka.

9. Tenganisha tabaka.

Programu ninayoipendekeza ni 3D Slicer. Haina malipo, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Ni ya utafiti na mafunzo. Usiitumie kuamua matibabu ya mgonjwa.

Ingiza faili kwa moduli ya DICOM. Kwa maikro-CT inayotoa picha za TIFF, hakikisha unaandika ukubwa wa vokseli mwenyewe, la sivyo programu itadhani kila vokseli ni milimita 1 na jino lako litakuwa refu kama mnazi. Kata sehemu isiyohitajika kwa "Crop Volume". Kisha nenda "Segment Editor", tengeneza sehemu tatu, enameli, dentini na kiini, na ufungue "Threshold".

Sasa tulia. Kizingiti unachokiweka hapa, yaani kiwango cha ukijivu wa vokseli kinachogawa tabaka, ndicho kinachoamua unene wa enameli na ukubwa wa kiini. Ukikipandisha, enameli inakonda na kiini kinanenepa. Ukikishusha, mifereji inafunga. Kompyuta haitakuonya. Ukikivuta mpaka picha "ipendeze", umepima macho yako.

Fanya hivi. Soma ukijivu wa dentini kwenye sehemu kumi tofauti, chukua wastani. Fanya hivyo kwa maji yaliyozunguka jino, na kwa enameli. Tuseme maji ni 200, dentini 1,800, enameli 3,000. Mpaka wa jino na maji uweke katikati, yaani 1,000. Mpaka wa enameli na dentini uweke 2,400. Njia hii ya katikati ni rahisi kuieleza na kuirudia. Kisha sogeza kizingiti juu kidogo na chini kidogo, uone kipimo chako kinabadilika kiasi gani. Kikiyumba sana, hicho si kipimo cha kuandika kwenye ripoti. Na usiazime namba zangu: ukijivu wa CBCT hutofautiana mashine kwa mashine, hauna kiwango kimoja kama ule wa CT ya hospitali.

Kiini hakina madini, kwa hiyo kinaonekana cheusi sawa na maji ya nje. Kukitenganisha, ziba mdomo wa mzizi kwa "Scissors" au kwa kuchora kwa mkono, kisha tumia "Islands" kubakiza kipande cha ndani. Jino lililooza lina hatari yake: sehemu iliyooza imepoteza madini, na kizingiti kitaihesabu kama tundu tupu au sehemu ya kiini. Hapo chora kwa mkono, kipande kwa kipande. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

"Smoothing" itumie kidogo sana. Inapendezesha modeli na kufuta pembe ya kiini, ambayo ndiyo uliyoitafuta.

10. Tazama kabla ya kupima.

Bonyeza "Show 3D", fanya dentini ipitishe mwanga, uzungushe. Usikimbilie namba. Gego la kwanza la chini la utotoni halifanani na jino lolote la ukubwani; gego la pili linafanana sana na gego la kwanza la ukubwani. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, na wa mbele mara nyingi una mifereji miwili. Ya juu yana mitatu, lakini ule wa nyuma upande wa shavu mara nyingi umeungana na ule wa upande wa kaakaa, hivyo usishangae ukihesabu miwili. Angalia jinsi shina la mzizi lilivyo fupi: mizizi hugawanyika karibu kabisa na shingo ya jino. Angalia sakafu ya chumba cha kiini pale mizizi inapogawanyika. Vitundu vinavyoweza kuwepo hapo ndivyo vinavyoeleza kwa nini jipu la gego la mtoto huonekana kati ya mizizi badala ya kwenye ncha yake, na hapo katikati ndipo jino la ukubwani linapokua.

Usitafute mstari wa kuzaliwa, ule unaobaki kwenye enameli kuonyesha mtoto alipozaliwa. Upo kweli, lakini huonekana kwenye kipande chembamba chini ya hadubini, si kwenye maikro-CT ya kawaida.

11. Pima, kisha rudia.

Kwa mistari na pembe tumia "Markups", kwa ujazo "Segment Statistics". Kwa anayeanza, vipimo hivi vinatosha: urefu wa jino na wa kila mzizi, idadi ya mifereji, umbali kutoka pembe ya mbele ya kiini hadi uso wa jino, unene wa dentini kwenye ukuta wa ndani wa mzizi, na ujazo wa kiini. Umbali wa pembe ya kiini ni muhimu kwa mikono ya tabibu: unamwambia keekee ya meno inaweza kuzama kiasi gani kabla haijafungua kiini.

Linganisha urefu wa kompyuta na ule wa kalipa. Tofauti ikizidi vokseli mbili, kuna kosa kwenye ukubwa wa vokseli au kwenye kizingiti. Baada ya wiki mbili pima tena bila kuangalia namba za kwanza, na mwenzako apime peke yake. Usiandike tarakimu ambazo mashine haikukupa: kwa vokseli ya 0.2 huwezi kuripoti milimita 0.873.

12. Chapa modeli, ukiweza.

Hamisha sehemu uliyotenganisha kama faili ya STL, ikuze mara kumi, umpe mwenye printa ya 3D. Kata jino nusu kwa nusu kwenye programu kabla ya kuchapa, ili kiini kionekane. Modeli isiyoonyesha ndani haina faida kubwa darasani.

MATATIZO NA TIBA YAKE

Mifereji imekatikakatika. Mara nyingi vokseli ni kubwa mno. Kama vokseli ni ndogo na bado imekatika, pandisha mpaka wa kiini kidogo na ukague kwenye vipande vya picha kama kweli kuna uwazi. Usiiunganishe kwa kubahatisha.

Duara ndani ya duara katikati ya picha. Ni kasoro ya kipokezi cha mashine. Fundi aisawazishe, na kwenye maikro-CT ijengwe picha upya kwa marekebisho ya miduara.

Kingo za jino nyeupe, katikati kumefifia. Mionzi dhaifu imenyonywa nje. Ongeza kichujio, au tumia marekebisho yaliyomo kwenye programu ya kujenga picha.

Kila jino limepata kizingiti tofauti. Joto la mashine au mpangilio umebadilika. Skani kila mara ukiweka jino moja lilelile la rejea, ulinganishe.

3D Slicer inajifunga yenyewe. RAM imejaa. Kata picha zaidi, au punguza ubora nusu kwa ajili ya mazoezi na uhifadhi data halisi pembeni.

Umehesabu mifereji mitatu, mwenzako miwili. Kaeni pamoja mpite kipande kwa kipande kutoka shingo hadi ncha, na mkubaliane kwanza nini kinahesabiwa kuwa mfereji: unaoanza peke yake, au unaofika nje peke yake? Andikeni ufafanuzi huo kwenye sehemu ya mbinu, kisha hesabuni upya meno yote.

Huna mashine yoyote kwa sasa. Anza na umbo la nje kwa simu. Pangusa jino lisiwe na maji, lipake unga laini wa chaki ili lisimeremete, liweke juu ya karatasi yenye rula, na upige picha nyingi kulizunguka kwa vimo vitatu tofauti kwenye mwanga wa mawingu, si jua la utosi. Lenzi ya kubana kwenye simu inasaidia sana. Programu za kujenga modeli kutokana na picha zitakupa taji na mizizi kwa nje. Ndani hutaona kitu. Maliza haraka, osha chaki, na urudishe jino kwenye maji.